Usiguse Hiyo Swichi

Kuna watu wasiotulia, halafu kuna Mzee Taa. Huyu bwana amefanya kazi kwenye ukumbi wa sinema tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na katika viti vyote vile hajawahi kukalia hata kimoja akatazama filamu mwanzo hadi mwisho. Utadhani kila kiti kina siafu. Mara yuko mlangoni, mara yuko katikati ya ukumbi na tochi, mara koridoni anasukuma mlango wa choo aone kama kitasa kimeshika, mara huyo karudi. Mkewe humwambia, "Baba Kitinda, siku ukifa itabidi tukufunge kamba ndipo ulale." Naye hucheka, lakini hucheka akiwa ameshainuka.

Kazi yake ni kuchana tiketi, kuwaonyesha watu viti, na juu ya yote, kushika swichi ya taa. Iko ukutani kando ya mlango, nzito, nyeusi, imelainika kwa vidole vyake. Filamu ikianza anazima, ikiisha anawasha. Rahisi, eti? Jaribu wewe uone. Ukiwasha mapema unatukanwa wewe na waliokuzaa, ukichelewa watu wanakanyagana ngazini. Halafu kuna suala la projekta. Ile projekta ilikuwa mbovu, haimalizi wiki bila kuganda. Ikiganda picha inasimama palepale, mtu mdomo wazi, na watu wanaanza miluzi. Kabla miluzi haijageuka chupa za maji zinazoruka, lazima taa ziwake. Kwa hiyo mwenye ukumbi, mwanamke wa sauti kubwa anayeitwa Mama Shughuli, alimpa amri moja tu siku ya kwanza, na hajaibadilisha hadi leo: picha ikisimama, washa.

Sasa mtu asiyetazama filamu anatazama nini? Anatazama watu. Mzee Taa anawajua watazamaji kwa visogo. Anajua kisogo kinachocheka, kisogo kilicholala, kisogo cha bwana aliyekuja na asiye mkewe. Na kwa kusoma visogo miaka nenda rudi, alikuwa amejijengea msimamo wake kuhusu filamu za kuchekesha, msimamo aliokuwa tayari kuugombania hata kwa kinyozi, huku nusu ya kichwa haijanyolewa.

"Filamu ya kuchekesha," alikuwa akisema, "ni kama kumkimbiza kuku. Ukishamkimbiza ua mzima, mkamate! Usifike mwisho ukasimama, ukawageukia watu ukawaambia, jamani, kuku mwenyewe hayupo."

Alikuwa na ushahidi. Kuna filamu moja ilikuja hapo, familia mbili zinagombana kuhusu harusi, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kufika mwisho, bwana harusi akabandua masharubu, akamwita mpiga picha kwa jina, wote wakaenda kula, bibi harusi akabaki peke yake anatazama kamera. Mwisho. Lo! Watu walitoka wamenuna kama waliofiwa. Mmoja alimshika Mzee Taa mkono pale mlangoni akamuuliza filamu imekwenda wapi, kana kwamba yeye ndiye aliyeificha mfukoni.

Lakini kulikuwa na nyingine, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikimkosesha raha. Mwizi anakimbizwa, anakimbia mpaka anatoka nje ya hadithi, anamkuta anayeiandika amekaa mezani, anamwomba ampe gari. Upuuzi mtupu! Na watu walicheka mpaka benchi la nyuma likavunjika. Sasa mbona hii ilichekesha na ile iliudhi, wakati zote mbili zimewaambia watu usoni kwamba ni uongo? Jibu hakuwa nalo. Na Mzee Taa akikosa jibu, miguu yake ndiyo inayoteseka.

Angeweza kuishi hivyo, na fumbo lake, mpaka pensheni. Ila Mungu alimpa watoto wanne, na wa mwisho, yule anayeitwa Kitinda, akatokea kuwa mtengeneza filamu.

Kitinda alianza kwa kupiga picha za harusi, akajifunza kukata na kuunga, akakusanya wenzake wasio na kazi, wakaazima vyumba vya watu, na kwa muda mrefu wakawa wanapotea asubuhi na kurudi wameungua jua. Baba mtu akiuliza wanatengeneza nini, anajibiwa, "Ya kuchekesha, baba. Mwenye nyumba na wapangaji wake. Utaiona." Hakuuliza zaidi. Yule binti alikuwa na tabia ya kumtazama baba yake kidogo zaidi ya inavyohitajika, halafu anageuza macho, na Mzee Taa hakuipenda ile tabia, akawa anatafuta kitu cha kwenda kukaza mahali.

Alhamisi filamu ililetwa ukumbini ijaribiwe. Ndani walikuwepo Kitinda, fundi wa projekta na Mama Shughuli. Mzee Taa alikuwa nje, eti anakaza nati za benchi la kungojea. Aliwasikia wakicheka, akawasikia wakicheka tena, halafu akasikia kimya. Kimya kirefu. Kwake yeye kimya cha namna ile kina maana moja tu duniani. Akatupa spana, akaingia mbio, akaona kwenye skrini mtu mmoja kibonge amekaa anamtazama yeye, hatikisiki, picha imesimama kabisa. Akawasha taa zote.

"Baba!" Kitinda aliruka kutoka kitini. "Usiguse hiyo swichi!"

"Imeganda, mwanangu."

"Haijaganda! Ndiyo mwisho wenyewe! Ananyamaza, anawangoja watu!"

"Anawangoja wafanye nini?"

Mama Shughuli alicheka mpaka akapangusa machozi kwa ncha ya kanga. Halafu akaacha kucheka, na ule uso wake wa biashara ukarudi mahali pake. "Sikiliza, binti. Kama mtu wangu mwenyewe wa taa haelewi kama filamu imekwisha au imekufa, mtu wa mtaani ataelewa? Huu mwisho wako unanitia wasiwasi. Nakupa Jumamosi mchana, mara moja. Watu wakitoka wanasifu, nitaiweka wiki nzima. Wakitoka wananung'unika, Jumapili narudisha ile ya mapigano, na tusilaumiane."

Na hapo ndipo lilipokuwa jambo lenyewe. Kwa sababu Kitinda alikuwa ameshamwahidi mama yake: hii ikishindikana, basi, anaacha mambo ya kamera na kwenda kuuza rangi za nyumba dukani kwa mjomba. Mjomba alikuwa ameshamshonea hata aproni.

Jioni ile nyumbani hakukulika vizuri. Mzee Taa alikuwa akizunguka meza, sahani mkononi.

"Badilisha," alimwambia binti yake. "Siku mbili zipo. Mwenye nyumba akamatwe, au aanguke mtaroni, au amwoe mpangaji, chochote. Watu wanataka kuona jambo linafungwa."

"Baba, watu wanajua ni sinema. Wamelipa kiingilio, wamekaa gizani, wanajua. Kwa nini nijifanye hawapo?"

"Kwa sababu wao wamekuja kujifanya hawapo! Ndiyo raha yenyewe! Mtu amekaa gizani anacheka ya wenzake, wewe unataka umwashie tochi usoni."

"Ndiyo," alisema Kitinda. "Hasa hicho ndicho ninachotaka."

Mama yake alikuwa akipiga pasi blauzi ya kuvaa Jumamosi, kimya, na pasi ilikuwa ikienda na kurudi mahali pamoja muda mrefu kuliko kola inavyohitaji. Mzee Taa alimtazama apate mtu wa kumuunga mkono, akaona hapati, akaenda kukagua bomba la nje ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Jumamosi watu walikuja. Si haba, ukumbi ulijaa zaidi ya nusu, maana wale vijana walikuwa wamepita mtaa hadi mtaa na kipaza sauti. Mke wa Mzee Taa alikaa safu ya tatu, blauzi imenyooka, mkoba magotini. Kitinda alisimama ukutani nyuma kabisa akiuma kidole. Kabla taa hazijazimwa alimfuata baba yake pale mlangoni, akamshika mkono uleule wa swichi.

"Baba, nakuomba. Hata kama inaonekana imeganda, hata wakipiga miluzi, hata Mama Shughuli akikufokea. Mpaka uone majina yanapanda. Ukiwasha kabla, umeniua."

"Nimesikia, mama."

"Usitoke nje. Kaa humu."

"Nimesikia."

Akazima, giza likaingia, filamu ikaanza. Akaweka mkono mfukoni ili usimponze.

Kwa muda mrefu alitazama visogo tu, kama desturi yake, na visogo vilikuwa vizuri. Vilitikisika. Mwenye nyumba katika filamu, yule kibonge, anataka vyumba vyake ili mwanawe anayeoa apate pa kukaa, na wapangaji hawataki kutoka, basi anatumia kila hila: anapaka milango rangi mpya ili wasiijue, analeta jogoo, anakuja kuota jua barazani na bukta. Watu hoi. Mzee mmoja safu ya nyuma alikuwa akicheka kwa kikohozi. Mama Shughuli, aliyesimama upande wa pili wa mlango, alicheka naye, na Mzee Taa akaanza kuona fahari inampanda kifuani, akatamani kumgusa mtu bega amwambie, huyo ni wangu, huyo aliyetengeneza ni wa kwangu mimi.

Ndipo watu walipocheka kicheko kikubwa kupita vyote, akashindwa kujizuia, akainua macho kwenye skrini aone kinachochekwa.

Kulikuwa na mpangaji mmoja mwanamume, mrefu, mwembamba, amebeba godoro kichwani. Vyombo vinatolewa nje. Mke anabishana na mwenye nyumba, anarudisha sufuria ndani, inatolewa, anairudisha, inatolewa. Na yule mume amesimama tu katikati na godoro lake, akigeuka huku na huku kuwapisha wabebaji, hasemi kitu. Kila akigeuka, godoro linampiga mtu. Kila likimpiga mtu, ukumbi unapasuka.

Mzee Taa hakucheka. Alilijua lile godoro. Lilikuwa na mistari ya bluu, na kona moja imeshonwa kwa uzi mweusi.

Kitinda alikuwa na miaka tisa siku ile walipotolewa nyumbani kwao wenyewe. Kodi yao haikuwa na kasoro, hawakuwa na kosa lolote, mwenye nyumba alitaka vyumba kwa ajili ya mwanawe, basi. Alikuja na vijana wake asubuhi wakaanza kutoa vitu. Majirani walitoka, wakasimama kila mmoja kwenye mlango wake, wamekunja mikono, wanatazama. Watu waliokuwa wakiazimana chumvi! Hakuna aliyetoa neno. Na mke wake alipiga kelele peke yake mpaka sauti ikamkauka, kwa sababu yeye, mume mtu, alibeba godoro akasimama nalo. Aliona akiliweka chini litachafuka. Ndivyo alivyojiambia, na ndivyo alivyoendelea kujiambia. Baadaye walipata vyumba vingine, maisha yakaendelea, na hilo jambo hakuna aliyelitaja tena pale nyumbani, na nadhani miguu ile isiyotulia ilianzia hapo, kwa sababu mtu asiyetaka kufikiri hutembea.

Alitafuta kisogo cha mkewe safu ya tatu. Hakikutikisika. Kote kushoto na kulia watu walikuwa wakirukaruka vitini, na kile kisogo kimoja kimetulia kama kilivyokuwa filamu ilipoanza. Alitaka kutoka koridoni. Alikuwa ameahidi hatatoka. Akabadilisha mguu, akabadilisha tena.

Filamu ikaenda kasi, mwenye nyumba akawakimbiza wapangaji kuzunguka nyumba, jogoo nyuma yake, na mwisho akashinda. Wote nje. Mlango ukafungwa kwa kufuli. Pale barabarani, kati ya vyombo, kulikuwa na kiti cha mbao chenye mikono, cha zamani, na yule kibonge, akihema, akakikalia kiti kile, akatoa karanga mfukoni, akaanza kumenya. Kiti kile kilikuwa cha mama mkwe wake, ndicho alichomwachia binti yake alipokuwa anakufa. Na kweli yule mtu siku ile alikikalia! Alikaa pale barabarani akisimamia vijana wake, na akatafuna karanga zake, na maganda akayatupa palepale miguuni kwa mke wa Mzee Taa. Mtoto wa miaka tisa alikuwa ameyaona yote.

Kwenye skrini kibonge aliacha kumenya. Akainua kichwa. Akawatazama watu ukumbini, moja kwa moja, na hatua kwa hatua kicheko kikafa.

"Na ninyi je?" alisema. "Mmekaa hapo tangu mwanzo mnatazama. Kuna mwenye neno?"

Akanyamaza. Akawa anangoja.

Kwanza watu walitabasamu. Halafu wakatazamana. Kibonge hakutikisika. Kiti kimoja ukumbini kikatoa mlio. Mtu akakohoa. "Imeganda hiyo," alisema mwingine. Mluzi wa kwanza ukapigwa, ukafuatiwa na wa pili, na kutoka nyuma mtu akaita, "Fundi! Amka!" Wawili walikuwa wameshasimama wanatafuta mikoba.

"Washa," alinong'ona Mama Shughuli. "Mzee, picha imesimama. Washa!"

Mkono ulikuwa umeshatoka mfukoni. Hakuutuma, ulikwenda wenyewe, kama ulivyokwenda maelfu ya mara, na vidole vilikuwa vimeshaigusa swichi. Na hapo akaona macho ya yule kibonge yakipepesa. Haikuganda. Yule mtu yu hai, amekaa kwenye kiti chao, anamtazama, anangoja.

"Washa, we mzee, watanivunjia viti!"

"Inuka!" alipiga kelele Mzee Taa.

Mama Shughuli aliruka. Ukumbi mzima uligeuka.

"Inuka kwenye kiti chetu!" Sauti ilimtoka hata yeye hakuitambua, imepasuka katikati. "Hicho ni kiti cha mama yake! Huna haki! Kodi tumelipa, kosa hatuna, inuka utoke kwenye kiti cha mke wangu!"

Kimya. Si kimya cha mluzi, kimya kingine. Na katika kimya hicho kibonge kwenye skrini akatema ganda la karanga, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Nilijua," alisema. "Hakuna hata mmoja."

Jamani! Ule ukumbi ulilipuka. "Muongo!" "Yupo! Mzee kasema!" "Umesikia, we tumbo? Inuka!" Watu walikuwa wamesimama juu ya viti wakimnyooshea skrini vidole, wanacheka, wanafoka, mwanamke mmoja alivua kiatu kabisa, na yule mzee wa kikohozi alikuwa akirudia, "Inuka! Inuka!" mpaka akakosa pumzi. Majina yalianza kupanda na hakuna aliyeyasoma. Mzee Taa aliwasha taa kwa wakati wake, kisha akabaki ameshika ukuta.

Walitoka wakibishana hadi barabarani. Wengine waliapa kwamba yule mzee ni mwigizaji, amepangwa. Wengine walisema la, ona anavyotetemeka. Mama Shughuli alikuja akimpigapiga mgongoni, "Wiki nzima! Nimesema, wiki nzima, na wewe utapiga hiyo kelele kila siku palepale, sawa?"

"Siwezi," alisema Mzee Taa.

"Utaweza, utazoea."

"Mama Shughuli, amesema hawezi," alisema Kitinda, aliyekuwa amefika nyuma yao. Macho yake yalikuwa mekundu na mdomo wake ulikuwa ukicheka, haujui ufanye nini. Akamshika baba yake shati kifuani kwa mikono miwili. "Umeniharibia mwisho, baba. Umeuharibu kabisa! Nilitaka wanyamaze. Nilitaka wanyamaze wote, halafu waone haya. Wewe hasa. Niliutengeneza kwa ajili yako uone haya."

"Nimeona," alisema baba yake. "Nimeona, mwanangu."

Kitinda akamwacha, akaenda kuegemea kibanda cha tiketi, akalia vizuri.

Ndani kulikuwa bado na mtu mmoja. Mzee Taa alishuka ngazi hadi safu ya tatu. Mkewe hakuwa ameinuka, mkoba ulikuwa bado magotini, na alikuwa akitazama mbele kwenye skrini tupu. Mzee alisimama kando yake, akabadilisha mguu. Kisha akavuta kiti cha pembeni, akakaa.

"Sema tena," alisema mkewe bila kugeuka. "Watu walikuwa wanapiga kelele, sikusikia vizuri."

Akasema tena. Safari hii alisema polepole, neno baada ya neno, na mkewe alimsikiliza mpaka mwisho.